Miaka minane Uonuma, Japani: mafuta ya taa, chepe la theluji na chupa ya mafuta ya nazi

#1 Mzigua wa Uonuma

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nyuzi za Japani humu naziona kila wiki, na ni mbili tu zinazojirudia: gari za mnada, na "nifanyeje nipate ufadhili". Hali ya hewa hakuna anayeiulizia, na ndiyo itakayokuamsha, itakayokupangia nguo na chakula, na itakayokula mshahara wako. Uzi huu nimeuahidi tangu mwaka juzi. Leo Jumapili ya Novemba 2025, mvua ya baridi inanyesha tangu alfajiri, sina pa kwenda. Vuteni viti.

Mimi nipo mkoa wa Niigata, bonde la Uonuma, upande wa Bahari ya Japani. Nilifika Septemba 2017 kusoma, nikamaliza, nikapata kazi kwenye kampuni ndogo ya hapahapa, nikabaki. Kwa hiyo msitegemee Tokyo ya kwenye picha. Tokyo kutoka hapa ni kama saa moja na nusu kwa treni ya kasi, lakini kwa hali ya hewa ni nchi ya watu wengine.

Nianze na jua. Sisi tumezaliwa na jua linaloripoti kazini saa kumi na mbili asubuhi na kusaini kutoka saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, halina likizo wala halichelewi. Saa zetu zimejengwa juu ya jua hilo. Huku mwezi Juni saa kumi na nusu alfajiri limeshachomoza na linakupiga usoni kupitia kipazia cha nyumba ya kupanga. Desemba saa kumi na nusu jioni limezama. Baridi yangu ya kwanza nilikuwa maktaba, nikatazama dirishani nikaona giza, nikafunga begi kwenda kulala. Kumbe saa kumi na moja. Nilijitahidi kuhesabu saa za Kiswahili kichwani hadi mwaka wa pili, halafu nikaacha, maana unasema "saa moja usiku" na jua bado linakuchomea shingo. Mniamini, kuacha kule kuliniuma kuliko baridi.

Sasa theluji. Huku kwetu haianzi na ubaridi, inaanza na radi. Mwishoni mwa Novemba au Desemba, usiku, radi inapiga moja nzito hadi vioo vinatikisika. Wazee wanaiita yukiokoshi, yaani mwamsha theluji. Mimi niliyekulia Handeni, radi kwangu ni mvua ya masika na mama anafunika vioo kwa kanga. Hapa radi ikipiga, kesho yake watu wanatafuta machepe.

Sababu yake ni hii. Upepo unatoka Siberia ukiwa mkavu na wa baridi kali, unavuka Bahari ya Japani ambayo maji yake yana uvuguvugu kwa sababu ya mkondo unaopanda kutoka kusini, unanyonya mvuke njia nzima, halafu unagonga milima iliyo katikati ya kisiwa. Mzigo wote unashushwa kwetu. Ukishavuka mlima umebaki mtupu, ndiyo maana Tokyo Januari ni jua tupu. Mtaliona hili kwa macho siku mkipanda treni: kabla ya handaki la Dai-Shimizu, kilomita 22, anga ni bluu na watu wameanika nguo. Mnaingia gizani dakika sita saba, mnatokea upande wa pili, dunia nyeupe, haina hata rangi ya paa. Mara ya kwanza nilidhani dirisha limeganda.

Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu kama mwehu. Nimesoma shule ya msingi kwa koroboi. Nimekuja nchi ya roboti na vyoo vyenye rimoti, na kitu cha kwanza mwenye nyumba alichonielekeza kununua ni dumu jekundu la lita 18 na pampu ya mkono, niende sheli nikachukue MAFUTA YA TAA. (Dumu ni jekundu huku mashariki. Ukienda magharibi, Osaka na kuendelea, ni la bluu. Usiniulize kwa nini wanagawana.) Nyumba nyingi za kupanga kuta ni nyembamba, hakuna mfumo wa kupasha joto nyumba nzima, unapasha chumba ulichomo. Kuna gari dogo linapita mtaani likipiga muziki kama baiskeli ya aiskrimu, ukilisikia unatoka na dumu. Lita 18 ni yen elfu mbili na ushee, na baridi ikikaza nilikuwa namaliza dumu kwa wiki. Jiko lenyewe kila baada ya saa tatu linajizima mpaka ulibonyeze tena, na kila saa lazima ufungue dirisha kidogo, la sivyo hewa chafu inakuua kimyakimya.

Asubuhi moja Januari niliamka chumba kina nyuzi 3. Nimechukua chupa ya mafuta ya nazi, mama alinifungia kutoka Tanga, nimeipindua, haikutoka kitu. Nimeikita chini, ni jiwe. Tangu siku hiyo ile chupa ndiyo kipimajoto changu. Yakiganda Oktoba, natoa mablanketi. Yakilainika Mei, narudisha kabatini.

Nikipumzika nitaendelea na kisa cha mtaro. Aibu tupu.

#2 Kipara Ngoto

Nimekaa paleee. Mkuu, mafuta ya taa Japani? Kumbe sisi tumetangulia muda mrefu.

Swali: theluji ikijaa si kazini mnapewa mapumziko? Huku mvua ikinyesha nusu saa Jangwani hakupitiki na bosi anaelewa.

#3 Mzigua wa Uonuma

Mkuu Kipara, sahau. Saa nane usiku nasikia makatapila yanakwangua barabara, saa kumi na mbili njia iko wazi, na saa mbili na nusu uko kwenye kiti chako na viatu vya kubadilisha. Huku hata karani wa benki anatoka nyumbani na gambuti.

Halafu barabara zenyewe zina mabomba katikati ya lami, yanarusha maji ya chini ya ardhi kuyeyusha theluji. Utaalamu huo ulianzia Nagaoka, mji wa jirani, miaka ya 1960. Maji yana chuma ndani, kwa hiyo lami yote imekuwa rangi ya kutu kama njia ya udongo mwekundu. Mgeni anadhani barabara zetu ni chafu. Taa za kuongozea magari nazo kwingine Japani zimelazwa, huku zimesimamishwa wima ili theluji isipate pa kukaa.

Ila kuna siku inashinda watu. Januari 2018, mwaka wangu wa kwanza, treni ilikwama usiku kucha karibu na Sanjo ikiwa na abiria kama 430. Desemba 2020 magari kama 2,100 yalikwama kwenye barabara kuu ya Kan-etsu, wengine zaidi ya siku mbili. Ndiyo maana kila mtu anaweka kwenye buti chepe, blanketi na maji. Na choo cha mfuko, naomba msicheke.

#4 Mzigua wa Uonuma

Kisa cha mtaro.

Pembeni mwa barabara za mitaa yetu kuna mtaro uliofunikwa kwa mifuniko ya chuma. Majira ya baridi wanaelekeza humo maji ya mto, kwa zamu: mtaa huu saa hizi, mtaa ule saa zile. Zamu ikifika, kila nyumba inatoka, mnafungua mifuniko, mnasukumia theluji ndani, maji yanaibeba hadi mtoni. Kwa sababu, wakuu, shida ya theluji wala si kuiondoa mlangoni. Shida ni kuipeleka wapi. Ukiitupa barabarani umemkosea dereva, ukiitupa kushoto umemkosea jirani. Ikirundikana inakuwa ukuta unaokuzidi kimo.

Mimi hakuna aliyeniambia habari za zamu. Au niliambiwa, kwenye karatasi ya Kijapani iliyokuwa mlangoni wiki tatu nikidhani ni tangazo la piza. Jumamosi saa nne asubuhi nimeamka na nguvu za Kizigua, nikafungua mfuniko peke yangu, nikakata mabonge makubwa kama mawe ya msingi, nikatupia. Nikaona mtaro umemeza, nikatupia tena. Nikamaliza kiwanja chote, nikaingia ndani kunywa chai, najisifu.

Maji hayakuwepo mle. Mabonge yalikaa yakashikana. Jioni zamu ilipofika maji yakaja, yakakuta kizuizi, yakapanda juu, yakaingia gereji ya mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nikiwa dirishani nikaona watu wanakusanyika na matochi. Nilijua hapohapo.

Nilienda kuomba radhi na boksi la keki, ndivyo mwenzangu wa darasani alivyonielekeza, nimeinama hadi mgongo unauma. Mzee hakugomba. Alichukua ile karatasi, akazungushia saa za mtaa wetu kwa kalamu nyekundu, akanirudishia. Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza, nasikia kengele. Yuko mlangoni na machepe mawili. Akanionyesha: bonge lisizidi mfuniko, tupa kidogo, tazama maji yanakwenda, tupa tena. Kama unavyomlisha mtoto uji.

Miezi mitatu nilikuwa naishi mtaa ule hakuna aliyewahi kunisemesha zaidi ya salamu. Wiki ile mama mmoja alinijia na figili za kuchachusha, mwingine akaniuliza kama kwetu kuna theluji. Nikamwambia iko kileleni Kilimanjaro, na watu wanalipa kwenda kuiona. Alicheka akakaa chini.

Mzee yule sasa amepita miaka themanini. Paa lake napanda mimi, nikiwa na kamba kiunoni, na mtu wa kunitazama chini. Hilo nasisitiza kwa walioko huku: msipande paa peke yenu. Kila mwaka watu wanakufa kwa kuanguka au kuangukiwa na theluji ya paa, na wengi wao ni wazee wanaoishi peke yao.

#5 Dada wa Nagoya

Kaka Mzigua uzi mzuri, ila unawatisha watoto wa watu. Japani nzima siyo Uonuma! Niko Nagoya tangu Aprili 2018, theluji naiona siku chache kwa mwaka, asubuhi ipo, mchana imeisha. Kuanzia Desemba hadi Februari ni anga la bluu, nguo zinakauka kwa saa mbili.

Lakini tuna letu. Upepo unaoshuka kutoka mlima Ibuki ni mkavu, unakata. Ngozi yangu ilipasuka kama udongo wa kiangazi, nikagusa mlango wa gari nikapigwa shoti, nikamshika mwenzangu mkono naye akapigwa. Mafuta ya maji ya kupaka ya hapa ni kama kujipaka matone ya mvua, hayafiki jioni. Mabinti mnaokuja, bebeni mafuta ya mgando ya kutosha.

Na kiangazi chetu muogopeni. Tarehe 3 Agosti 2018 Nagoya ilifika nyuzi 40.3, mimi nina miezi minne nchini. Natoka Dar, nilijiona mtaalamu wa joto. Dar joto lina upepo wa bahari. Hapa umefungiwa ndani ya sufuria ya pilau.

#6 Mzigua wa Uonuma

Dada umenena, na Hokkaido, kile kisiwa cha kaskazini kabisa, ndiyo kichekesho zaidi: baridi inazidi ya kwetu mbali, ila nyumba zao zina madirisha mawilimawili, ndani watu wanakula aiskrimu wakiwa na fulana. Anayeganda Japani ni yule aliye kwenye nyumba ya kawaida ya huku chini, na wazee wengi wanapoteza maisha bafuni kwa kutoka chumba cha baridi na kuingia maji ya moto.

Halafu usidhani sisi wa theluji tumesamehewa kiangazi. Agosti 23 mwaka huohuo wa 2018, Tainai, mkoa wetu huuhuu, ilipiga 40.8. Upepo ukishuka kutoka milimani unakuja umepashwa. Mwaka huu Isesaki, mkoa wa Gunma, wamefika 41.8 tarehe 5 Agosti, haijawahi kutokea Japani nzima.

#7 Mzigua wa Uonuma

Tuendelee na mwaka.

Aprili nchi nzima inaongelea maua ya sakura. Idara ya hali ya hewa ina mti wake wa kipimo Tokyo, afisa anakwenda anahesabu: yakichanua matano au sita anatangaza msimu umeanza, na kamera za televisheni ziko pale zinamsubiri. Nilidhani utani. Hapa kwetu sakura inachanua wakati kando ya barabara bado kuna vilima vya theluji iliyosinyaa, nyeusi kama makaa. Mimi ua langu ni jingine. Theluji ikianza kurudi nyuma, kwenye ukingo wa maji kunatokeza kitu cha kijani kama ngumi ya mtoto, kinaitwa fukinoto. Wanakikaanga na unga. Ni kichungu, uchungu wa mchunga kabisa. Mara ya kwanza nilipotafuna niliona shamba la bibi.

Wakati huohuo chavua. Baada ya vita walipanda miti ya sugi kwa ajili ya mbao, milima na milima, na kuanzia Februari inamwaga vumbi la njano. Mwaka wa kwanza na wa pili nikawacheka waliovaa barakoa. Mwaka wa tatu nilipiga chafya kumi na saba mfululizo kwenye kikao. Sasa nami nina dawa yangu kwenye droo.

Mei wanapanda mpunga. Maji yale ya theluji iliyotuvunja mgongo ndiyo yanashuka kwenye majaruba, na mchele wa Uonuma, koshihikari, unasifika Japani nzima. Hili lilinifungua macho baridi ya 2019 kwenda 2020, theluji ilipogoma. Mimi nashangilia, wazee wamenuna. Maji ya kupandia yatatoka wapi? Vijana wa kwenye vilima vya kuteleza hawana kibarua, madereva wa makatapila wamekaa. Nikanyamaza. Usiku wa Mei vyura wanapiga kelele pande zote, unafunga simu kwa sababu mama Handeni anauliza, "Umerudi lini?"

Juni hadi katikati ya Julai ni tsuyu, mvua ya manyunyu isiyo na mwisho. Siyo masika yetu ya kupiga na kuondoka. Hii inakaa kama mgeni asiyeaga. Mkanda wangu wa ngozi ulioning'inia kabatini ulikuwa umeota manyoya ya kijani, viatu vya harusi vivyo hivyo. Nguo zikianikwa ndani zinapata uvundo, na uvundo huo unaujua wewe wa mwisho, baada ya watu ofisini. Nunua mashine ya kunyonya unyevu, ile ndoo yake inajaa maji kila siku utashangaa ulikuwa unalala na nini.

Kiangazi chenyewe kina majina. Siku ikifika nyuzi 25 ina jina, 30 ina jina, 35 ina jina. Usiku usioshuka chini ya 25 nao una jina, nettaiya, usiku wa tropiki. Angalieni sasa: mafuta ya nazi yanaganda karibu na nyuzi hizohizo. Kwa hiyo usiku wao wa tropiki ni usiku ambao chupa yangu inabaki maji. Nilipomweleza bosi wangu aliandika kwenye daftari. Na nyenze! Za kwetu zinaimba, za huku zinagombana, kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

Jambo lililonichelewesha sana kuelewa ni hili: Wajapani hawafuati hali ya hewa, wanafuata kalenda, na hali ya hewa inatakiwa ijipange. Juni mosi sare za kiangazi, Oktoba mosi sare za baridi, hata kama unatoka jasho. Feni yangu ilikufa wiki ya mwisho ya Agosti, nje nyuzi 34. Nimeenda dukani, rafu ya feni imejaa hita. Nikamuuliza kijana, akanitazama kama mtu anayetafuta mbuzi wa Idi wakati Idi imeshapita. "Msimu umekwisha." Duka la pembeni lilikuwa limeshaanza kuuza oden, vile vitu vya kuchemsha vya baridi, watu wananunua huku wanajipepea. Tangu hapo nanunua kila kitu miezi miwili kabla. Hita Agosti, mwavuli mzuri Aprili. Mwavuli wenyewe, ule wa nailoni ya kuona ndani, usiupende, maana yote inafanana na ukiuacha mlangoni mwa duka utarudi ukute wenzake wameondoka nao. Nchi ambayo pochi iliyopotea inarudi na pesa zake, mwavuli haurudi.

Vimbunga vinakuja sana Agosti hadi Oktoba, vina namba. Namba 19 ya Oktoba 2019 ilizamisha treni kumi za kasi kwenye yadi kule Nagano. Siku hizi treni zinasimamishwa kabla, wanatangaza jana yake, unakaa ndani na tambi zako.

#8 Dalali wa Ilala

Bosi, nina swali la tumbo. Hizo gari za huko kwenye theluji ndizo zinatuletea kutu hapa? Mwezi uliopita mteja kanirudishia gari, juu inang'aa kama sahani mpya, chini imeliwa.

#9 Mzigua wa Uonuma

Ndizo, mkuu. Mitaani kwetu tuna maji, lakini barabara kuu na za milimani wanamwaga chumvi ya kuzuia barafu. Inarukia chini ya gari majira yote ya baridi. Kwenye karatasi ya mnada tazama herufi kwenye mchoro: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati. Gari ikitoka Hokkaido, Aomori, Akita au hapa Niigata omba picha za uvunguni kabla hujalipa. Mwenye nayo mwangalifu huipaka chini dawa nyeusi ya kuzuia kutu, lakini rangi hiyohiyo pia hupakwa kuficha, kwa hiyo gongagonga.

Na zile zilizozama kwenye mafuriko ya vimbunga: vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake kabisa. Watu wanaosha zulia, wanaosha viti, mkanda wanasahau. Ukikuta alama ya tope, rudisha ufunguo.

#10 Mama Nasri

Mwanangu Mzigua, Mungu akutunze, huyo mzee wa machepe msalimie. Mimi niko Tanga. Swali langu, Ramadhani mnafungaje ikiwa jua lenyewe halieleweki?

#11 Mzigua wa Uonuma

Shikamoo mama. Salamu zitafika.

Ramadhani yangu ya kwanza huku iliangukia Mei na Juni 2018. Alfajiri inaingia saa tisa kasoro usiku, futari saa moja jioni, zaidi ya saa 16. Daku nakula saa nane, halafu nasubiri darasa. Msikiti wa karibu ni mbali, nilifuturu na Mbangladeshi na Mwindonesia kwenye jiko la bweni, tende za mmoja, sambusa za mwingine, mimi kazi yangu uji. Sasa imerudi nyuma. Mwaka kesho itaanza Februari, saa ni kama za nyumbani, ila daku nitakula nje kuna theluji ya mita mbili. Mwaka huu nilifungua mlango baada ya daku nikakuta mzee ameshaanza kuchimba. Akaniuliza kama nimekunywa maji ya kutosha, maana amejifunza tarehe.

#12 Msomi Njaa

Mkuu naja Aprili inshallah, mkoa huohuo. Nibebe nini? Nimeona makoti Karume, kilo kama tano.

#13 Mzigua wa Uonuma

Dogo, acha koti Karume. Aprili baridi imeshavunjika, na mji wowote huku una maduka ya mitumba (ndiyo, na wao wanayo) utapata koti safi kwa bei ya chipsi kuku. Beba viatu. Kama mguu wako unavuka sentimita 28 utahangaika sana, hata gambuti. Beba viungo vya pilau, mafuta ya mgando kama alivyosema dada, na kopo la mafuta ya nazi, siyo chupa yenye shingo nyembamba. Nimekaa miaka minane nachokonoa kwa kijiti cha kulia.

Ukifika jitambulishe nyumba mbili za kulia na mbili za kushoto, na uulize karatasi ya mtaro.

#14 Kipara Ngoto

Mkuu tupia picha basi ya hiyo chupa.

#15 Mzigua wa Uonuma

Nitatupia kesho. Iko mezani hapa, nyeupe pe tangu wiki ya pili ya Oktoba. Wadudu wa kunuka, kamemushi, mwaka huu wamejaa kwenye mapazia, na wazee wanasema wakijaa hivyo theluji itakuwa nyingi. Sijui kama mdudu anajua, lakini tairi za theluji nimeshafunga.

Ngojeni.

Imepiga. Moja tu, upande wa bahari, vioo vimelia. Natoka kunyanyua waipa za gari zisigande kwenye kioo, mtaa mzima naona taa za varanda zinawaka, kila mtu anazinyanyua zake. Mzee naye yuko nje na tochi. Nitarudi kujibu maswali yaliyobaki.